Barua ya malalamiko: viti vya henzirani vilivyoharibiwa katika kutolewa kuvu

Nyali,
Mombasa.
Juni 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Mombasa.

Bwana/Bi Meneja,

KUH: KUHARIBIWA KWA VITI VYANGU VYA HENZIRANI NA GESI ILIYOMDHURU MAMA YANGU

Ninawaandikia kudai fidia ya viti vinne na meza ya henzirani (fito za rattan) ambavyo wafanyakazi wenu walikuja kuvitoa kuvu nyumbani kwangu mwezi Mei, na kuwataka mwache kabisa namna mnavyoifanya kazi hii. Viti vimechanika na kuvu imerudi. Zaidi ya hayo, siku ile ile mama yangu, mtu mzima mwenye pumu, alivuta gesi ya sumu iliyotoka kwenye ndoo ya mfanyakazi wenu. Nitaanza na hilo la mama, maana kiti kikiharibika kuna fundi.

Vijana wenu wawili walifika asubuhi wakavipanga viti barazani. Mmoja alimimina jiki, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwenye ndoo kwa kukadiria na macho, pasipo kipimo chochote. Kuvu ya migongo ya viti ilipokawia kutoka, mwenzake alifungua chupa ya siki akaimwaga ndani ya ndoo ile ile, akaniambia kwamba ndivyo walivyoelekezwa ofisini, kuwa siki huiongezea jiki nguvu. Jiki ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyo huunguza macho, koo na mapafu, na mwenye pumu hubanwa kifua kwa kiasi kidogo tu ambacho mtu mwenye afya angekohoa kisha akaendelea na shughuli zake. Mama alikuwa ameketi ndani, karibu na dirisha la baraza. Alianza kukohoa, akashika kifua, macho yakimchuruzika machozi. Tulimtoa upande wa uani penye upepo, akavuta dawa yake, na tukampeleka kwa daktari aliyemweka chini ya uangalizi mpaka pumzi zikatulia. Amepona, Alhamdulillahi.

Kijana aliyekuwa ameiinamia ndoo naye alikohoa hadi akakaa chini. Hakuwa na glavu wala barakoa. Huyo ni mtoto wa watu, na ninyi ndio mliomtuma kazini na dawa mbili ambazo hakuna aliyemwambia kwamba hazikai ndoo moja. Jiki haichanganywi na siki, wala haichanganywi na dawa za kusafishia vioo zenye amonia. Kampuni inayoishi kwa kuuza usafi inapaswa kulijua hili kabla ya kununua ufagio wa kwanza.

Sasa viti. Marehemu baba alivinunua katika miaka ya 1970, na ni henzirani halisi: fremu ya fito nene, na maungio yaliyofungwa kwa ganda lililochanwa nyembamba. Ganda hilo ni gumu, linang'aa, na halinywi maji kwa urahisi. Lakini sehemu kubwa ya migongo na mikono ya viti imesukwa kwa kiini cha henzirani, nacho kina vitundu vidogo vidogo kote, na maji yakiingia humo hayatoki upesi. Mtu yeyote anaweza kuviona vitundu hivyo kwenye ncha iliyokatwa, chini ya kiti. Ncha ya kiti cha plastiki kilichosukwa kufanana na henzirani haina vitundu. Hapo ndipo mngejua mnashughulika na nini, kwa kukipindua kiti na kukitazama.

Hamkutazama. Vijana walileta mashine ya maji ya kasi, kama zile za kuoshea magari, wakavipiga viti vyote kwa nguvu. Ninafahamu kwamba kazi zenu nyingi ni za mahotelini, ambako siku hizi viti vingi vya nje ni vya plastiki juu ya fremu ya alumini. Viti hivyo huvumilia maji mengi. Henzirani ya zaidi ya miaka arobaini haivumilii. Maji ya kasi yalinyanyua nyuzi za kiini zikawa na manyoya, yakakata zile zilizokuwa zimekauka, na yakasukuma unyevu ndani ya maungio, mahali ambapo jua halifiki. Nilipowaomba wapunguze nguvu walijibu kwamba mashine yao ina kasi moja tu.

Baada ya hapo vijana walivirudisha viti vikiwa vimelowa mahali pale pale penye kivuli, na kuweka mito juu yake. Mwezi wa Mei! Kila mkaaji wa Mombasa anajua kwamba Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote mjini kwetu, na kwamba nguo ikikaa kabatini wakati wa masika huota koga bila kuguswa na tone la maji. Henzirani iliyoloweshwa hadi ndani na kufunikwa na mito inatarajiwa ikauke vipi? Kabla mwezi haujaisha madoa ya kijivu na meusi yalikuwa yamerudi, na safari hii yako hata kwenye maungio, ambako hayakuwako hapo awali.

Jiki nayo imefanya lake. Iliondoa rangi ya kuvu juu juu, viti vikaonekana vyeupe mkapiga picha zenu mkaondoka. Lakini sehemu kubwa ya jiki ni maji, na maji hayo hupenya ndani ya kitu chenye vitundu na kuilisha kuvu unyevu inaoutaka. Jiki kali pia hudhoofisha nyuzi za mimea, zikawa nyepesi kuvunjika. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, katika mwongozo wake kuhusu kuvu majumbani halipendekezi jiki iwe njia ya kawaida ya kuondoa kuvu. Mwongozo huo unataka kitu kilicholowa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48 ili kuvu isipate nafasi ya kuota, na unaeleza kwamba hata kuvu iliyokufa huweza kuwadhuru wenye mzio, hivyo lazima iondolewe yenyewe na si rangi yake tu. Kinachoilea kuvu ni maji, vumbi na jasho la miili yetu vilivyoganda kwenye msuko. Msipoondoa hivyo, mmepaka chokaa tu.

Nilipopiga simu kulalamika, nilijibiwa na ofisi yenu kwamba viti vimezeeka na kwamba henzirani iliyoota kuvu haina dawa. Jibu hilo si la kweli, na ninao ushahidi. Kiti kimoja cha seti ile ile kilikuwa chumbani kwa mama siku ya kazi yenu. Nacho kilikuwa na kuvu, maana kabla ya hapo kilikaa barazani na wenzake. Fundi wa kusuka viti niliyemwita aje kukadiria hasara alikisafisha mbele yangu. Alikitoa nje, mbali na madirisha, akavaa barakoa, akakipiga brashi kavu kwanza ili vumbi na kuvu iliyo juu zidondoke kabla ya maji kuzigeuza tope. Kisha alichanganya siki nyeupe na maji kwa kipimo sawa, akachovya kitambaa, akakikamua vizuri, akafuta uzi kwa uzi. Kwenye vipenyo vya msuko alitumia mswaki laini, tena akifuata uzi unakolala, bila kuukata njia. Palipokuwa na uchafu wa mafuta, kwenye mikono ya kiti, alitumia maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo, akafuta tena kwa maji safi. Hakuna mahali alipomwaga maji. Akakiweka juani kikiwa kimelazwa ubavu ili maungio yapate upepo, na jioni akakiingiza ndani mbele ya feni. Kilipokauka kabisa, hadi ndani ya maungio, alikipaka vanishi nyembamba na kukivisha miguu vifuniko vya mpira visivyonyonya maji ya sakafuni.

Kiti hicho mpaka leo ni kisafi, hakina doa wala harufu, na kina umri ule ule wa hivyo vinne mlivyoviharibu. Kwa hiyo suala la uzee tuliache.

Jambo moja zaidi linanisumbua. Katika tangazo lenu mnasema mnasafisha "aina zote za samani za nje". Mimi niliwaita kwa kuyaamini maneno hayo, na siku ya kuweka oda niliwaeleza waziwazi kwamba viti ni henzirani na ni vya zamani. Ujumbe wa WhatsApp upo, na jibu lenu la "hakuna shida" lipo. Mngesema hamna ujuzi wa henzirani ningewashukuru na kumtafuta fundi tangu mwanzo.

Ninataka yafuatayo. Mnirudishie shilingi 9,500 nilizolipa, kwa kuwa huduma niliyoilipia haikupatikana. Mnilipe shilingi 22,000, ambazo ndizo fundi amekadiria kusuka upya migongo mitatu na mkono mmoja, kufunga maungio yaliyolegea na kupaka vanishi. Mlipe gharama za daktari wa mama, kwa mujibu wa risiti. Na mniandikie, kwa barua yenye sahihi ya mwenye mamlaka, kwamba wafanyakazi wenu wamefundishwa kutochanganya dawa, wamepewa glavu na barakoa, na kwamba mashine ya maji ya kasi haitatumika tena kwenye samani za nyuzi asilia. Sharti hili la mwisho sitalipunguza hata mkilipa fedha zote, kwa sababu wiki ijayo mtaingia baraza la mtu mwingine ambaye huenda ana mtoto mchanga ndani.

Vilevile siwataki mumwadhibu yule kijana wa ndoo. Alifanya alivyofundishwa, na alikuwa wa kwanza kukimbia kumsaidia mama kutoka nje ingawa mwenyewe alikuwa akikohoa. Wa kujibu ni aliyemfundisha.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa maelezo anayoyahitaji, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro za huduma. Ningependa tuyamalize haya baina yetu. Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitapeleka dai langu katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na ambako ninaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Viti nimeviacha kama vilivyo, kwenye chumba kikavu, ili mtu wenu aje avione. Aje siku yoyote baada ya saa nne asubuhi, na apige simu kwanza.

Wenu,
Mteja wenu wa Nyali

Viambatisho: nakala ya risiti ya malipo, picha za viti kabla ya kazi, siku ya kazi na baada ya kuvu kurudi, makadirio ya fundi, risiti za daktari, nakala za ujumbe wa WhatsApp.