Riwaya za wazungu waliopita bara zisiwafute waliobeba msafara

Ndugu Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Riwaya za wazungu waliopita bara enzi zile nazipenda sana ila kuna kitu kinaniuma, mtunzi anamweka Livingstone, yule mmisionari Mskoti, peke yake porini, hakuna njia hakuna watu, ni simba na homa tu. Jamani! Bagamoyo mpaka Tabora mpaka Ujiji ilikuwa njia ya biashara, misafara ya Wanyamwezi, Waswahili na Waarabu ilishaizoea kabla wasafiri Waingereza Burton na Speke hawajaishika 1857, na ukifika kwa mtemi unatoa hongo, yaani ushuru wa njia, ya vitambaa na shanga ndo unaachiwa upite.

Mi sikatai kutunga. Maongezi ya usiku kambini tunga tu, nani aliyaandika? Ila yaliyoandikwa usiyapindue. Livingstone alipofariki 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, walioamua mwili urudishwe pwani ni wenzake akina Susi na Chuma. Moyo na matumbo wakazika palepale, mwili wakautia chumvi wakauanika juani kama wiki mbili, wakaufunga kwa gome la mti. Karibu na Tabora wakakutana na Mwingereza Cameron akawashauri wauzike hukohuko, wakagoma. Kufika Kasekera wenyeji hawataki maiti ipite kwao, basi jamaa wakajifanya wanairudisha, wakatuma watu nyuma na furushi la mabua, mwili wenyewe wakaufunga upya ukaonekana mzigo wa vitambaa, safari ikasonga hadi Bagamoyo Februari 1874.

Sa mtu anapewa kisa kama hicho halafu anakimaliza kwa mstari mmoja, eti watumishi waaminifu wakambeba! Waliamua wenyewe, wakabishana na mzungu, wakatumia akili, hiyo ndo riwaya yenyewe. Na wanawake je? Halima aliyekuwa mpishi wa Livingstone yumo kwenye shajara ya Livingstone mwenyewe, mbona vitabuni misafara ni wanaume watupu?

Watunzi wetu wa Kiswahili nawaomba sana hapa, msiige tu zile za nje. Sidi Mubarak Bombay, Mwafrika aliyeongoza misafara, alitembea na Burton, Speke, Stanley, halafu akavuka na Cameron toka Bagamoyo mpaka bahari ya Atlantiki. Riwaya yenye Bombay katikati, iliyofanyiwa utafiti wa kweli, ningeinunua siku hiyohiyo inayotoka.

Msomaji wenu,
Tabora