Fundi wa usalama wa mtandao apatikane hata Ukerewe

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita pale Mwaloni Kirumba, mama muuza dagaa alinionyesha ujumbe kwenye simu yake: "Ile pesa itume kwenye namba hii." Kweli alikuwa anadaiwa na mwenye mtumbwi, basi akatuma. Kumbe ni tapeli; mtaji wote ukaenda.

Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015, na matapeli tunawaripoti kwa ujumbe kwenda namba 15040. Lakini Ukerewe au Sengerema vijijini, fundi wa kumkimbilia ni nani? Kuna ofisi nimekuta neno la siri limebandikwa kwenye kioo cha kompyuta, wateja wote wanalisoma. Iliniuma.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vipo tangu 1975, vinafundisha useremala, ushonaji, umeme. Viongezewe na ufundi huu: kutunza nakala za taarifa, kusasisha programu, kugundua aliyeingia kwenye mfumo bila ruhusa. Kijana wa kidato cha nne anauweza kabisa.

Naiomba wizara ianze na chuo kimoja Kanda ya Ziwa. Ila walimu waandaliwe kwanza. Kompyuta zilizofunikwa vitambaa mwaka mzima tumeshaziona.

Msomaji wenu,
Nyamagana, Mwanza