Kwa swahiba wangu wa Bungoma, kuhusu alama zako za chesi

Tororo, Jumapili jioni

Swahiba wangu,

Salaam kwako, kwa mama watoto na kwa vijana wote hapo nyumbani. Sisi huku hatujambo. Mvua zimeanza, na ule mwamba wetu umefunikwa na mawingu tangu asubuhi. Ujumbe wako nimeusoma nikaurudia, na kwa kuwa jambo lenyewe linanigusa, nimeona nisikujibu kwa maneno mawili matatu ya simu. Unasema alama zako za Elo, zile za viwango vya wachezaji wa chesi, zimeshuka hadi 1650, kwamba umefungwa na watoto wawili wa shule katika mashindano yale yale, na kwamba sasa unataka kuachana na mashindano ubaki na michezo ya dakika tatu tatu kwenye simu. Sikubaliani nawe hata kidogo, ndugu yangu.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo iliyokuumiza. Mfumo wa Arpad Elo, ambao FIDE, shirikisho la chesi la dunia, wanautumia tangu 1970, haupimi unachokijua. Unakisia matokeo tu. Watu wawili wakitofautiana kwa alama 200, aliye juu anatarajiwa kupata kama asilimia 76 ya pointi. Wewe wa 1650 ukikaa mbele ya mtoto wa 1450, ukimfunga unaongezewa alama zisizotimia 5. Akikufunga zinakwenda 15. Hata mkitoka sare unapoteza 5. Hiyo ni kwa sababu kizidishio chako, ile namba inayoamua alama zipande au zishuke kwa kiasi gani, ni 20, na cha kijana aliye chini ya miaka 18 ni 40, kwa hiyo yeye kwa mchezo ule mmoja ameruka alama 30. Sasa niambie kwa haki: yule mtoto aliyekufunga, ulivyomwona anavyocheza, alikuwa kweli wa 1450?

Hapo ndipo penye kiini cha mambo, hasa kwetu huku. Mashindano yanayohesabiwa na FIDE si mengi Afrika Mashariki kama yalivyo Ulaya, ambako mtu ana klabu na mechi za ligi msimu mzima. Mtoto wa Kampala anafundishwa jioni baada ya shule, anacheza na wenzake michezo chungu nzima isiyoandikwa popote, na alama zake rasmi zinabaki pale zilipokuwa mwaka juzi. Uwezo umeshatangulia, namba inakuja nyuma kwa mbali. Unakumbuka habari za Phiona Mutesi, binti wa Katwe, mtaa wa Kampala, aliyefundishwa na Robert Katende. Mwaka 2012 alirudi kutoka Olimpiadi ya chesi ya Istanbul na WCM, cheo cha kimataifa cha wachezaji wanawake, yeye pamoja na mwenzake Ivy Amoko. Nani angemwona akijifunza kule Katwe akamkadiria ipasavyo? Tangu wakati ule watoto wa aina yake wamejaa kwenye kumbi zetu, nami nafurahi sana kuwaona, hata siku wanaponifunga.

Na FIDE wenyewe walikiri kwamba alama za chini zimedidimia. Machi 2024 waliwaongezea wote waliokuwa chini ya 2000: aliyepungukiwa na 500 kufika hapo alipewa asilimia 40 yake, yaani 200. Mwenye 1500 akalala, akaamka na 1700. Hakuwa amejifunza kitu usiku ule. Basi kama kupanda kwa namna ile hakukumfanya mtu kuwa mjuzi, na kushuka kwako wewe juzi hakujakufanya mjinga.

Utaniuliza, kama si alama, mtu ajipime kwa nini? Mimi najipima kwa karatasi. Katika michezo ile mirefu, ya dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua, sheria inakutaka uandike hatua zote mpaka mwisho, hata muda ukiwa umekubana. Watu wengi wakishasaini mbele ya mwamuzi, ile nakala yao wanaikunja mfukoni, ikifuliwa pamoja na suruali basi. Mimi zangu zote ziko kwenye faili, hapa dukani, juu ya rafu ya minyororo ya baiskeli. Jioni ya siku ya pili, kabla sijagusa kompyuta, nakaa na kalamu nyekundu naandika pembeni ya hatua: hapa nilitaka nini, hapa niliogopa nini, hapa saa ilikuwa imebaki dakika ngapi. Nikimaliza ndipo nawasha Stockfish, ile programu ya kuchambua chesi. Mpangilio huo usiugeuze, nakusihi. Kompyuta itakuonyesha hatua bora kwa sekunde moja, lakini haiwezi kukueleza kwa nini wewe hukuiona, na ukishaiona kwenye kioo, yale mawazo yako ya siku ile yanafutika, huyapati tena.

Faili likishanenepa linaanza kusema. Langu lilinionyesha kwamba mafunguzi, yaani hatua za mwanzo wa mchezo, hayana neno. Natoka hatua ya 15 nikiwa sawa na mtu yeyote wa kiwango changu, mara nyingi nimemzidi. Pointi zilikuwa zinavuja baada ya hatua ya 30, kete zikishapungua ubaoni na ngome, zile kete za pembeni zinazokwenda kwa mstari ulionyooka, zikabaki zinatazamana. Basi nikayaweka mafunguzi kando na kushika kitu kimoja tu: mwisho wa mchezo wenye ngome na askari. Si somo la kupendeza, nakubali. Hakuna mashambulizi wala kafara za malkia. Lakini ni somo lenye majibu ya hakika, na jibu la hakika ukilishika, hakuna mtu wa kukunyang'anya.

Ngoja nikusimulie raundi ya mwisho Kampala, maana ndiyo iliyonifanya nikuandikie kwa moyo namna hii. Nilikuwa na kete nyeusi, mbele yangu jamaa wa 1950, mimi 1700. Tulicheza mpaka ukumbi ukabaki na watu wachache. Akabaki na mfalme, ngome na askari mmoja kwenye mraba wa d5. Mimi mfalme na ngome, basi. Mtu akipita hapo angesema nimekwisha. Lakini mfalme wangu alikuwa amekaa d8, kwenye njia ya askari yule, na ngome yangu nikaiweka a6, ili mfalme wake asipate kukanyaga mstari wa sita. Hilo ndilo umbo la Philidor, Mfaransa wa karne ya 18. Nikakaa pale pale, ngome ikienda pembeni na kurudi juu ya mstari ule, yeye akizunguka. Hana mlango. Mwisho akamsukuma askari hadi d6, na hapo hapo nikaishusha ngome mpaka a1. Mfalme wake akapanda e6, nikampiga cheki, yaani nikamtishia mfalme, kutoka nyuma. Akakimbia, cheki. Akarudi, cheki. Hakuwa na pa kujificha, kwa sababu mraba ambao ungemkinga umekaliwa na askari wake mwenyewe! Akanyoosha mkono, tukagawana pointi.

Kwa hesabu ya Elo sare ile iliniongezea alama 6. Sita tu, swahiba. Lakini mimi najua, na ile karatasi inajua, kwamba mwaka uliotangulia ningefungwa pale bila hata kuelewa nimefungwaje. Kama ningekuwa natazama alama peke yake, nisingejua kwamba kuna kitu kikubwa kimetokea siku ile.

Kuhusu ile michezo ya dakika tatu, sikukatazi. Cheza ujiburudishe. Ila usiite mazoezi. Wewe umekulia pwani, umewaona wazee wa bao, na huku kwetu mweso ni ndugu yake, mashimo 32 na kete 64. Mzee anayejua hagusi kete mpaka amejua mkono wake utaishia shimo gani na utakula nini. Anahesabu kwanza, ndipo anashika. Chesi inataka mkono wa namna ile, na dakika tatu hazikupi nafasi ya kuulea. Mafumbo ya Lichess, ile tovuti ya chesi, ni bure, hayataki hata senti, na hayali bando sana. Yafanye machache lakini polepole: usiguse kioo mpaka umeona mstari mzima, pamoja na jibu kali kuliko yote la mpinzani. Mimi nayafanya hapa dukani wateja wanapokuwa wachache. Likinishinda nalinakili kwenye daftari, nakwenda nalo nyumbani.

Jambo jingine dogo. Ukipangwa na mtoto, usimtazame umri wala namba iliyo mbele ya jina lake. Mpe heshima ya mpinzani kamili, kisha mkimaliza umwombe mkae pembeni mpitie mchezo pamoja. Watoto hawa wanafikiri kwa sauti, hawafichi kitu, na nimefaidika nao sana. Mmoja alinionyesha pale pale namna ya kumpeleka farasi e5 ambayo mimi sikuiwazia, na sasa naitumia.

Basi ombi langu ni hili. Mashindano ya kumbukumbu ya Rwabushenyi yakitangazwa, tujiandikishe wote wawili. Wewe vuka mpaka wa Malaba siku mbili kabla, uje ulale kwetu. Nyumba unaijua, na mke wangu ameshauliza utakuja lini. Njoo na karatasi zako zote za mwaka huu, hasa zile mbili za watoto. Usizifungue kwenye kompyuta kwanza, nakuomba sana. Tutazipitia kwa ubao wangu wa mbao, hatua kwa hatua, wewe ukinieleza ulikuwa unawaza nini. Kisha alfajiri tutapanda takisi, Iganga, Jinja, Mabira, tuingie Kampala mapema tupate kupumzika kabla ya raundi ya kwanza. Nauli usijali, tutasaidiana.

Nisalimie mama watoto, na umwambie yule mdogo aliyekuwa anauliza farasi anarukaje kwamba nimemwekea seti ya plastiki, utarudi nayo. Nijibu upesi, ili nimwambie mwenye chumba kule Kampala kwamba tutakuwa wawili.

Ni mimi nduguyo,
wa Tororo