Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayetafuta pa kuishi

Mdogo wangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia kwamba umeamua kujitegemea, ila picha zote ulizonitumia ni za vyumba na jiko, wala hakuna hata moja ya barabara. Sisi tunaotumia viti vya magurudumu yatupasa kuchagua mtaa kwanza, nyumba baadaye. Kizingiti huweza kuondolewa na swichi ya taa ikashushwa, lakini kilima hakisawazishwi kwa ombi la mpangaji.

Nenda na kiti chako, wala usikubali kuonyeshwa mtaa kupitia dirisha la gari. Njia iendayo kituo cha basi ipite kwenda na kurudi, kwa kuwa mteremko unaokushusha kwa raha asubuhi ndio utakaoupanda jioni mikono ikiwa imechoka. Chunguza pia kama njia imelala upande mmoja. Wanaotembea kwa miguu hawalitambui jambo hili, lakini kiti huvutwa kuelekea upande wa chini, hata mkono wa upande huo ukalazimika kusukuma kwa nguvu huku mwingine ukizuia, na mabega ndiyo yanayolipa. Penye kivuko, hakikisha ukingo umeshushwa pande zote mbili, maana ukishushwa upande mmoja tu utajikuta umekwama barabarani mbele ya magari. Ikiwezekana, rudi baada ya mvua, kisha usiku, magari yanapoegeshwa juu ya njia ya waenda kwa miguu.

Ukiambiwa jengo lina njia ya mteremko, pima. Kiwango kinachotumika katika nchi nyingi ni 1 kwa 12, yaani kimo cha sentimita 50 huhitaji urefu wa mita 6. Nyingi nilizoonyeshwa kwa majivuno zilifaa mikokoteni ya mizigo tu. Habari za lifti waulize wakazi, si dalali: ikiharibika, hukaa siku ngapi?

Wapo jamaa watakaosema unachagua mno. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 19, unatambua haki yako ya kuchagua mahali pa kuishi sawa na wengine, kwa hiyo kataa bila haya.

Ukishapata, kabla ya kutia saini, mwenye nyumba aandike kwamba amekuruhusu kufunga vyuma vya kushikia chooni, na nani atagharamia kuviondoa siku utakapohama.

Wako,
Kaka yako