Majivu na kaa: barua kwa Furaha

Bukavu, Jumapili jioni

Rafiki yangu mpenzi Furaha,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilisikia kilio tu. Mara ya pili nikashika «hepatiti C», ule ugonjwa wa ini unaoletwa na kirusi, na neno «positif». Mara ya tatu ndipo niliposikia yale mengine: kwamba ulikwenda kumtolea damu mtoto wa kaka yako wakakupima, kwamba baba watoto amekutengea kikombe na sahani, na kwamba tangu Alhamisi umemnyima mtoto ziwa. Sikutaka kukujibu kwa simu. Kati ya Bukavu na Lubumbashi inakatika kila mara, nawe ukilia hushiki neno. Barua utairudia.

Nianze na mtoto, kwa sababu yeye hawezi kungoja. Mrudishie ziwa leo. Hepatiti C haipiti kwenye maziwa ya mama. Ikiwa chuchu imepasuka na inatoa damu, upande huo uupumzishe, ukamue maziwa yake na kuyamwaga mpaka upone. Na kikombe kirudi kabatini pamoja na vingine. Ugonjwa huu hupita damu ikikutana na damu. Ugali wa sahani moja hauna kosa, wala kukumbatiana, wala kikohozi. Wembe, mswaki na kikata kucha ndivyo kila mtu awe na vyake.

Sasa karatasi yenyewe. Umesema wameandika «Ac anti-VHC : positif». VHC ni kirusi cha hepatiti C. Hiyo Ac ni kingamwili, yaani kile ambacho mwili hutengeneza ukishakutana na kirusi. Kipimo ulichopimwa hakikutafuta kirusi chenyewe. Kilitafuta kingamwili. Fikiria jiko la mbabula asubuhi: majivu yanakuambia kwamba moto uliwashwa. Kama kuna kaa linalowaka bado huko chini, majivu hayasemi, mpaka ufukue. Kati ya watu 100 walioambukizwa, 15 hadi 45 miili yao hukifukuza kirusi yenyewe ndani ya miezi sita, bila dawa yoyote, na kingamwili zinabaki miaka na miaka. Wote hao wakipimwa kama ulivyopimwa, karatasi zao zitafanana na yako. Tena wapo ambao hawakuwahi kuambukizwa kabisa: kipimo cha kukagua damu inayotolewa kwa wagonjwa kimetengenezwa kisimkose hata mmoja, kwa hiyo mara nyingine kinamshika asiyehusika. Walipokataa damu yako kwa ajili ya mtoto wa kaka yako walifanya sawa. Kosa lao ni kukupa karatasi dirishani na kukuacha uende nayo nyumbani peke yako.

Nalijua kosa hilo kwa sababu nimelifanya mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza labo, mzee mmoja alikuja kutoka kijijini, nikamchoma kidole na kuweka tone kwenye kijikanda. Damu ilipanda polepole kama mafuta ya taa kwenye utambi. Ukatokea mstari wa C, ambao watu wengi hudhani ndio hepatiti C, kumbe unaonyesha tu kwamba kipimo kinafanya kazi. Kisha ukatokea wa T, ambao ndio jibu lenyewe, mwembamba, wa waridi, ukakolea mbele ya macho yangu. Nikamwambia, «Papa, una hepatiti C.» Nilikuwa na haraka, nje kulikuwa na foleni. Mzee aliuza ng'ombe wake akanunua mizizi ya kusafisha ini, akainywa miezi mitano. Alipopimwa kirusi baadaye, hakuwa nacho. Ng'ombe hakurudi. Tangu siku hiyo sisemi tena «una», nasema «umewahi kukutana nacho, sasa tutafute kama kipo».

Kukitafuta ndiko kunakobaki kwako. Omba kipimo cha ARN ya VHC, kinachotafuta kirusi chenyewe. Wengine wanakiita PCR, wengine «charge virale». Ile mashine inayopima makohozi ya kifua kikuu inaweza kupima hiki pia ikiwa labo ina katriji zake, kwa hiyo uliza hospitali kubwa kabla ya kukata tamaa ya bei. Wakikuambia upime ini tu, usiridhike. Vipimo vya ini huweza kuwa vizuri huku kirusi kipo, na mtu hukaa miaka mingi bila kuumwa popote.

Baba watoto anauliza umeitoa wapi. Nimelisikia swali hilo, na nimesikia linavyokuumiza. Mwambie hivi: ulipokuwa mdogo malaria ilikumaliza damu ukaongezwa ya mtu mwingine, wewe mwenyewe ulinisimulia tukiwa shule. Kirusi hiki kilitambuliwa 1989, na kipimo chake hakikufika hospitali zote siku hiyo hiyo. Wazazi wetu nao walichomwa sindano zilizochemshwa sufuria moja. Kati ya mume na mke kinapita kwa nadra sana. Akapime naye, si kwa kutafuta mwenye kosa, ila ajue yake.

Mtoto ana miezi minane, sivyo? Basi usikubali apimwe kingamwili sasa. Atakuwa bado na zile alizozipata kwako tumboni, na karatasi itawadanganya nyote wawili. Zinangojwa ziishe, mpaka apite miezi 18. Wakubwa wake wanaweza kupimwa hata kesho.

Wakikuta kirusi, kuna vidonge: sofosbuvir pamoja na daclatasvir, kila siku kwa wiki 12. Zaidi ya watu 95 katika 100 wanapona, kupona kabisa. Kabla ya kuanza wakupime hepatiti B, kwa sababu dawa hizi huweza kuiamsha kama imelala mwilini. Chanjo ipo ya B tu, ya C bado haijapatikana. Na ukishapona, Furaha, kingamwili zitaendelea kuonekana, karatasi ya aina hii itasema «positif» hata uzeeni. Kwa hiyo ile ya PCR uitunze pamoja na cheti chako cha ndoa.

Mizizi usinywe. Najua mama mkwe ataileta.

Nikifunga barua hii umeme umekatika Ibanda nzima, naandika kwa tochi ya simu. Ukishatolewa damu nitumie ujumbe, hata neno moja. Jibu likitoka, jirani asilichunguze. Piga picha uniletee, tulisome pamoja mstari kwa mstari, hata ikiwa usiku.

Mbusu mtoto, na umpe ziwa.

Wako,
Nabintu