Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu ya Juu: mutufundishe kujua saa moja ya umeme inaleta ngapi

Mheshimiwa Waziri wa Elimu ya Juu na Chuo Kikuu,

Nakuandikia toka Lubumbashi. Mimi ni mutoto wa hapa, nilisoma komersi, na leo kazi yangu ni kufuata stoki mu dipo moja ya unga, magunia yanaingia, magunia yanatoka, mimi njo naandika. Sikuandikii juu ya minervali (pesa ya masomo) wala mishahara ya waprofesa, kuko wengine wanasema ile mambo vizuri kunipita. Niko na jambo moja: ile somo wanaita reshershe operasyoneli, RO, na zaidi ile sehemu ya programasyoni lineeri, ni kusema hesabu ya kutafuta faida kubwa zaidi ao bei ya chini zaidi wakati vitu vyako viko na mipaka, vile inafundishwa kwa watoto wa komersi na usimamizi. Naomba ugeuze vile inafundishwa na vile inaulizwa ku egzameni, juu kwa wengi inatoka mu kichwa siku ile ile egzameni inaisha, na ni somo lenye kutusaidia sana mu huu muji.

Vile tulisoma sisi, profesa anaingia, anaandika ku tablo z iwe kubwa iwezekanavyo, chini yake mistari ya x1, x2, x3, na hakuna mutu mu oditwari anajua x1 ni kitu gani, ni mukate, ni gunia, ni lori, hapana, ni x1 tu. Kisha meza ya kwanza ya simpleksi, ile njia ya kufikia jibu hatua kwa hatua, unatafuta pivo (namba ya kugeuzia meza), meza ya pili, pivo ingine, meza ya tatu, ukisahau alama moja ya kutoa basi yote inaanguka na pointi zinaenda. Tulikuwa tunashika zile hatua kwa kichwa toka silabusi. Simulaumu profesa, oditwari ilikuwa imejaa, hakuna ordinateri, angefanya nini? Lakini hakuna siku tuliulizwa hii hesabu ni ya nani na yeye akirudi ku kazi yake atafanya nini.

Tuchukue bulanjeri moja ndogo, tuseme mu komini ya Katuba, namba ni za kuwaza lakini mutu yeyote anaweza kuzipima na simu yake. Papa mwenye bulanjeri anapika mukate wa kawaida na mukate wa sukari. Mupiko moja wa kawaida unakula saa 1 ya tanuru na kilo 30 za unga wa ngano, unamuachia faida ya franka 30 000. Mupiko moja wa sukari unakula saa 2 na kilo 20 za unga, unamuachia 40 000. Kwa siku anapata umeme saa 10, na unga kilo 180. Apike nini?

Wengi watasema wa sukari, juu faida yake ni kubwa. Sawa, saa 10 zinatosha mipiko 5, anapata 200 000, na kilo 80 za unga zinabaki zinamuangalia. Akipika wa kawaida tu, unga unaisha ku mupiko wa 6, anapata 180 000 na saa 4 za umeme zinapita bure. Sasa achanganye, mipiko 4 ya kawaida na 3 ya sukari: saa ni 4 na 6, inafika 10, unga ni 120 na 60, inafika 180, kila kitu kimeisha, na faida ni 240 000. Ku 200 000 amepata 40 000 zaidi kila siku, bila kuongeza mufanyakazi, bila deni, tanuru ni ile ile. Na mwanafunzi anaiona kwa macho ku karatasi ya vyumba-vyumba: musitari moja wa saa, musitari moja wa unga, panapokutana njo pale jibu, juu mu hesabu za aina hii kama jibu zuri liko basi utalikuta ku kona moja. Simpleksi kazi yake ni kutembea toka kona moja mpaka ingine yenye faida zaidi mpaka hakuna ya kupita hiyo. Ukiiona hivyo mara moja hausahau tena.

Lakini Mheshimiwa, kile kinaniuma zaidi kinakuja nyuma ya jibu. Hapa Lubumbashi umeme unakatika, unajua, na kila mwenye kazi anajiuliza asubuhi kama awashe jenereta ao aache. Rudia ile hesabu na saa 11 pahali pa saa 10. Inatoka mipiko 3,5 ya kawaida na 3,75 ya sukari (usiangalie ile nusu, ukihesabu kwa wiki nzima inajipanga) na faida inafika 255 000. Basi saa moja zaidi inaleta franka 15 000. Kama mazutu ya saa moja ni chini ya 15 000, papa awashe jenereta, kama ni juu azime alale. Hiyo ni jibu ya pesa, ya leo asubuhi, na haiko mu ile jibu ya 4 na 3, unaipata ukiuliza hesabu swali la pili. Wenyewe wanaiita bei ya duali. Unga nao uko na yake: kilo moja zaidi inaleta 500, na kama ile faida ilihesabiwa kisha kutoa bei ya unga, basi hizo 500 ni juu ya bei ya soko, maana yake papa anaweza kulipa mpaka 500 zaidi ku kilo na bado hatapoteza. Watu wengi wanasoma hapa vibaya, njo maana inafaa kufundishwa polepole.

Tena ile 15 000 haikai milele. Inashika wakati saa ziko kati ya 6 na 18. Kupita 18 unga njo unafinya, saa ingine haiongeze kitu. Na chini ya saa 6 inageuka, saa moja inapanda mpaka 30 000, juu unga unabaki na umeme njo unakosekana, na papa anapaswa kuacha kabisa mukate wa sukari ashike wa kawaida. Ona vile hiyo ni kubwa, siku umeme unakatwa sana anabadilisha kile anapika, na saa ya jenereta inakuwa na samani mara mbili. Ni wangapi kati yetu tulitoka na diploma tukiwa tunaweza kumuambia mwenye bulanjeri hivyo? Tulijua pivo, hatukujua hii.

Na hii haikuanza mu silabusi. Leonid Kantorovich, kijana wa miaka 27, aliifikia mu 1939 kule Leningrad juu kiwanda cha mbao za plaiwudi kilimuletea tatizo lake, mashine hizi na mbao hizi, tugawanye kazi namna gani. Alianza na kiwanda, na mu kazi ile ile ya 1939 tayari mulikuwa namba zenye kufanya kazi ya zile bei za duali. Tjalling Koopmans naye aliikuta wakati wa vita akihesabu meli zipite wapi na mizigo, na wote wawili walipewa Nobel ya uchumi mu 1975. George Dantzig alileta simpleksi mu 1947 akiwa anafanyia kazi jeshi la anga la Marekani, mipango ya watu na vifaa. Wote tatizo liliwaanzia ku kazi ya watu, mahesabu ikafuata. Sisi tunapewa mahesabu peke yake.

Kuko hadisi ingine ningependa kila profesa wa RO aisimulie. George Stigler mu 1945 alitafuta chakula cha mwaka muzima cha mutu moja kwa bei ya chini kabisa, kutoka vyakula 77, na mwili upate vitu 9 vyenye unahitaji. Alifika ku dola 39,93 kwa bei za 1939, na chakula kilikuwa unga wa ngano, maziwa ya mukebe, kabichi, spinachi na maharagi. Alijua njia yake ilikuwa ya kukaribia tu. Mu 1947 Jack Laderman akaichukua aipime na simpleksi mupya wa Dantzig: watu 9 wakakaa na mashine za kuhesabia za mukono, kazi yote ikafika kama siku 120 za mufanyakazi moja, na jibu ya kweli ikatoka dola 39,69. Stigler alikosa kwa senti 24 tu. Mimi nawaheshimu sana wale watu 9. Lakini walifanya hivyo juu hakukuwa ingine njia, na leo ordinateri ya zamani kabisa inamaliza ile hesabu mbele hujakunja mukono. Kumupa mutoto wa komersi saa nzima ya egzameni afanye kazi ya wale 9, na kukosa dakika kumi za kumuuliza 15 000 maana yake nini, hapo siko nakubali.

Basi naomba nini. Tangu LMD (mupango wa lisansi, masta na dokta) ilianza ku vyuo vyetu vyote mu mwaka wa masomo 2021-2022, programu za masomo zinaandikwa upya na wizara yako njo inaweka mukono. Weka ndani, kwa komersi na usimamizi, kwamba nusu ya saa za RO iwe kuunda tatizo toka mudomo wa mutu mwenye kazi. Mwanafunzi aende ku soko ya komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, akae na mama anauza, amuulize kwa Kiswahili: mama, uko na nini, nini inakufinya, unatafuta nini? Majibu ya hayo matatu njo x, njo mistari ya mipaka, njo z. Egzameni nayo ianze na maneno, kurasa moja ya hadisi ya biashara bila x hata moja, mwanafunzi aijenge mwenyewe, na mwisho aeleze bei ya kila mupaka kwa lugha mwenye biashara anaweza kuelewa. Simpleksi kwa mukono ibaki, mara moja, tatizo dogo la vitu viwili na karatasi ya vyumba, juu kona lazima kuziona.

Najua mutaniambia hakuna pesa ya programu. LibreOffice ni bure kabisa, inaingia mu ordinateri toka ku kle USB bila intaneti, na ndani ya Calc muna solva. Unaandika namba mu vyumba, unamuonyesha kile unataka kikuwe kikubwa na mipaka yako, unabonyeza, inajibu. Kwa bei ya duali mwalimu aongeze saa moja, abonyeze tena, atoe 240 000 ku 255 000, hata mutoto wa mwaka wa kwanza ataelewa. Ordinateri kumi zenye betri nzima ku fakilte, wanafunzi watatu-watatu kwa zamu, inatosha kuanza. Na waasistanti wapewe mafunzo mbele ya mwaka kuanza, wasitupiwe tu karatasi toka Kinshasa.

Tatizo hapa hatukose. Mufugaji wa kuku anachanganya mahindi, soya na samaki wa unga, anataka protini itoshe na gunia lisipande bei, hiyo ni ya Stigler tupu. Malori yanatoka Kasumbalesa, mengine yanaingia Lubumbashi, mengine yanaenda Likasi na Kolwezi, dipo hii iko na gunia hizi, ile inataka zile, nani apelekee nani, hiyo Frank Hitchcock aliiandika mu 1941 na mimi naishi nayo kila siku ku kazi. Lori nusu haliko, ni kweli, pale inafaa kulazimisha namba nzima na hesabu inakuwa nguvu zaidi, na faida haipande kila mara kwa musitari ulionyooka, ukipika mukate mingi sana bei yake inaanguka. Mwanafunzi aambiwe ile mipaka mapema, asiende kumudanganya mutu.

Mheshimiwa, watoto wetu wanamaliza wanatafuta kazi ku kampuni za migodi, wanakuta kazi ya kupanga inafanywa na wageni wenye programu zao. Wengine wanarudi ku biashara ndogo za wazazi na hawaone diploma inasaidia wapi. Kama barua yako ya maelekezo kwa vyuo inaweza kutoka mbele ya mwaka wa masomo kuanza, na mistari miwili tu juu ya RO, moja ya kuunda tatizo, moja ya kusoma bei ya duali ku egzameni, mimi na wenzangu tuko tayari kuleta ku fakilte hadisi za madipo, bulanjeri na mashamba ya kuku ya hapa, na namba zake, bila kuomba franka hata moja.

Kwa heshima,
Mwanafunzi wa zamani wa komersi, Lubumbashi