YAH: MALALAMIKO KUHUSU UHAKIKI WA HAKIMILIKI ZA FILAMU NA LUGHA YA KARANI WENU

Meneja wa Tawi,
Mtwara.

Ndugu Meneja,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima yenyewe tawini kwako sikuikuta.

Masharti ya huduma yenu ya uhakiki mnayajua, mmeyaandika wenyewe: mteja analeta orodha ya filamu, nanyi mnatafuta ipi bado ina hakimiliki, ipi haina, na kwa nini. Mimi nilileta ya filamu ninazotaka kuonyesha ukumbini kwangu. Ada nimelipa yote na risiti ninayo. Nilichopewa ni orodha yangu ileile, imegongwa muhuri wa "HURU", yaani haina tena hakimiliki, juu hadi chini kama magunia ya korosho ghalani. Sababu hakuna, hata mstari mmoja.

Nikaja kuuliza. Karani wenu, kijana ninayeweza kumzaa, hakuinua macho kwenye simu yake. Akasema: "Bi mkubwa, wenye hizo filamu walishakufa. Nani atoke Marekani aje Mikindani kukudai?" Benchi zima likacheka.

Nilikuwa nimeuliza jambo moja tu: Psycho ya 1960 imekuwaje huru? Hakimiliki yake ilihuishwa, yaani iliongezewa muda wa pili, na kule Marekani itadumu hadi mwisho wa 2055. Akanijibu kwamba filamu ikiwa nyeusi na nyeupe ni mali ya umma. Rangi! Sheria gani hiyo inayotazama rangi? Marekani filamu za zamani zinahesabiwa miaka 95, ndiyo maana za 1929 zilifunguliwa tarehe 1 Januari 2025. Zilizofuata, hadi za 1963, zilitakiwa kuhuishwa mwaka wa 28. His Girl Friday ya 1940 haikuhuishwa, ikaangukia mikononi mwa umma. Night of the Living Dead ni ya 1968, na hiyo ilianguka kwa njia nyingine kabisa: wasambazaji walibadilisha jina la filamu, na tangazo la hakimiliki likapotea pamoja na jina la zamani. Sheria ya wakati ule haikusamehe kosa hilo. Filamu mbili zote huru, kila moja kwa sababu yake. Kuitafuta sababu hiyo ndiyo kazi niliyowalipa.

Na huyo anayeuliza "nani aje kukudai" aitazame It's a Wonderful Life ya 1946. Picha haikuhuishwa, vituo vya televisheni vikaionyesha bure miaka na miaka. Lakini hadithi iliyozaa filamu hiyo ilikuwa na hakimiliki yake, na miaka ya 1990 wenyewe wakarudi kudai. Kwenye orodha yangu nayo mmeipiga HURU.

Tena mimi sionyeshi Marekani. Naonyesha Mikindani, kwa kiingilio, na hapa kuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Kuwa huru kule hakunipi ruhusa huku. Hilo hamkuligusa kabisa. The General ya 1926 ni huru, sawa, ila nakala niliyowaletea kwenye flashi ina muziki uliorekodiwa majuzi, na muziki huo una mwenyewe. Flashi mmenirudishia bila kuifungua, bahasha bado ina gundi yake.

Narudia la karani, maana naona mtalipita haraka. Sikupandisha sauti. Nilimwambia, "Mwanangu, nieleze hii moja tu." Akaisukuma karatasi yangu kwa ncha ya kalamu hadi ikaanguka upande wangu wa kaunta, kisha ndipo akasema nani atoke Marekani aje Mikindani. Mikindani akaitamka kama jina la shimo. Kwenye benchi alikuwapo mwalimu ambaye wanafunzi wake huja ukumbini kwangu Jumamosi. Naye alicheka. Niliiokota karatasi mwenyewe.

Kabla ya hapo nilishapiga simu makao makuu, wakaniambia nirudi tawini, "watakusaidia vizuri." Na gari la matangazo lilikuwa limeshazunguka hadi Mitengo likitangaza onyesho. Nimelifuta. Viingilio nimerudisha kwa mkono wangu.

Basi naomba nirudishiwe ada yangu. Pamoja na ada, gharama ya gari la matangazo. Na orodha ihakikiwe upya na mtu anayejua kazi, bure, sababu iandikwe mbele ya kila filamu. Na karani aniombe radhi palepale kaunta, mchana, benchi likiwa limejaa. Barua ya radhi siitaki.

Nawapa hadi mwisho wa mwezi huu. Baada ya hapo orodha yenye muhuri wenu naipeleka COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya hapa Tanzania, wao waamue kama Psycho ni huru, na waulize ni wateja wangapi mmewagongea muhuri huo kwa fedha. Nakala nyingine ataipata wakili. Ya tatu nitaibandika mlangoni kwa ukumbi wangu, jina la kampuni likisomeka.

Wenu,
Mmiliki wa ukumbi wa sinema,
Mikindani.